Mufwankolo tunamjua, na wa kwetu?

Ndugu mwandishi, historia ya maigizo yetu usiianzishe na miradi ya mashirika. Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha mjini, redioni na kwenye televisheni, bila kuandika mchezo mzima: walikubaliana hadithi, wakagawana nafasi, maneno yakazaliwa kwenye mazoezi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata hadi kijiji cha Kawama walikocheza mchezo kuhusu mamlaka, na kitabu chake kikatoka 1990.

Huku Mbau, Beni na Butembo nani atafanya kazi kama ya Fabian? Vijana wa parokia na wa shule wanaigiza hivyohivyo, Kiswahili na Kinande vikipokezana. Chifu ni kofia na fimbo, askari ni buti za kuazima. Mama akijibu kutoka kwa watazamaji, jibu lake linaingia mchezoni. Lakini tangu mauaji ya raia yaanze huku mwaka 2014, nani atoke usiku kwenda kutazama mchezo? Halafu Ebola ya 2018 hadi 2020 ikatuletea michezo ya kunawa mikono, yenye faida, sikatai, ila vichekesho vilikauka. Wazee walioigiza enzi za Mobutu wangali hai. Mwenye simu awarekodi.