Formula 1 yahama televisheni: mshabiki wa Bukavu anabaki na nini?

Kuanzia msimu wa 2026, mashabiki wa Marekani hawatazami tena mbio za magari za Formula 1 kwenye televisheni ya ESPN. Haki za kuonyesha mbio hizo zimekwenda kwa Apple, kampuni ya simu na kompyuta, kwa mkataba wa miaka 5 uliotangazwa Oktoba 2025. Anayetaka kuona mbio zote sasa anapaswa kulipa abonema ya Apple TV na kuwa na intaneti.

Kwa mkaaji wa Kadutu au Ibanda, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali, kwani mkataba huo unahusu Marekani peke yake. Lakini ilikuja wiki chache baada ya nyingine inayogusa Bukavu moja kwa moja. Tarehe 22 Septemba 2025, kampuni ya Ufaransa Canal+ ilichukua uongozi wa MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv na SuperSport. SuperSport ndiyo ambayo kwa miaka mingi imeonyesha Formula 1 katika nchi za kusini mwa Sahara.

Habari hizo mbili zinaonyesha mambo mawili: haki za michezo zinakusanyika katika mikono michache, na polepole zinatoka kwenye antena ya paraboli kwenda kwenye simu. Jambo hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi kwa Bukavu.

Hasira ya mashabiki si mpya

Kila mara Formula 1 inapobadilisha televisheni, mashabiki wanalalamika, na mara nyingi wana sababu. Nchini Uingereza, tarehe 29 Julai 2011, ilitangazwa kwamba BBC, televisheni ya umma, itagawana mbio na Sky, televisheni ya kulipia, kuanzia 2012. Watu waliozoea kutazama kila mbio bila abonema walikasirika sana. Hata hivyo mabadiliko yaliendelea. Tangu 2019, Sky ndiyo inayoonyesha mbio zote moja kwa moja, na Channel 4 imebaki na muhtasari, pamoja na mashindano ya nyumbani ya Silverstone.

Ujerumani ilipita njia hiyo hiyo. RTL ilionyesha Formula 1 bure kwa miaka kama 30, na katika enzi za Michael Schumacher watu zaidi ya milioni 10 walikuwa wanakaa mbele ya televisheni siku ya Jumapili. Mwisho wa 2020 RTL iliacha, Sky ikachukua, na idadi ya watazamaji ikashuka sana. Huko Ufaransa, TF1 iliachia Canal+ mwaka 2013. Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, TF1 ilirudishiwa mashindano manne kwa mwaka, kwa sababu mchezo usioonekana na watu wengi unapoteza pia wafadhili.

Mifano hiyo ina funzo moja. Malalamiko ya mashabiki hayakuvunja mkataba hata mmoja, lakini pale ambapo watazamaji walipungua kwa hesabu, wenye mchezo walitafuta njia ya kurudisha mbio kadhaa mahali pa wazi. Shabiki anapata nguvu pale anapohesabiwa.

Huko Marekani maoni yamegawanyika. Waliokuwa wanalipa F1 TV, huduma ya Formula 1 yenyewe, wameona nafuu, kwani sasa inapatikana ndani ya abonema ya Apple TV. Waliokuwa wanatazama ESPN kupitia kebo ya nyumbani wanaona wameongezewa mzigo mwingine. Apple imeahidi kuacha baadhi ya mbio wazi kwa wote, lakini hata hizo zinapitia kwenye programu yake. Vyombo vya habari vya huko vilitaja dola milioni 140 hivi kwa mwaka kama bei ya mkataba, nyingi kuliko zile ESPN ilikuwa inalipa.

Dekoda moja, macho mengi

Katika Bukavu, mpira wa miguu ndio mfalme, na hakuna anayebisha. Formula 1 ina kundi dogo la wapenzi, nao wengi hupata mbio kwa sababu mtu fulani alilipa abonema kwa ajili ya mpira. Saa zinasaidia pia. Bukavu inatumia saa sawa na ile ya Paris au Roma wakati wa kiangazi cha Ulaya, kwa hiyo mashindano mengi ya Ulaya yanaanza saa tisa alasiri siku ya Jumapili, watu wakiwa wamekwisha rudi kutoka kanisani. Mbio za Australia, kinyume chake, zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya misa ya kwanza kwisha.

Namna ya kutazama ndiyo inayotofautisha Bukavu na miji ya Ulaya. Huko, dekoda moja ni ya familia moja. Hapa, dekoda moja katika baa, katika nyumba ya video au kwa jirani mwenye jenereta inaweza kukusanya watu 20, 30 au zaidi. Kila mmoja anachangia kwa njia yake: kinywaji, franka chache za kuingia, au lita ya mafuta ya jenereta. Ndiyo sababu mtu asiyeweza kulipa abonema ya mwezi anaweza bado kujua nani alianza wa kwanza na nani aliharibikiwa matairi.

Tatizo ni kwamba watu hao hawaonekani katika hesabu. Kampuni inahesabu dekoda, haihesabu macho. Watu 30 waliokaa kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja ni mteja mmoja katika vitabu vyake. Kwa hiyo wakati haki za kuonyesha zinajadiliwa huko London, Paris au Johannesburg, sehemu kubwa ya mashabiki wa Kongo hawamo katika karatasi zilizo mezani.

Simu inazidisha shida hiyo. Antena ya paraboli inapokea picha bila kujali ni watu wangapi wanatazama. Gharama ni ile ile kwa mmoja na kwa hamsini. Programu ya simu inafanya kazi kwa namna nyingine: kila mtu na skrini yake, kila mtu na mega zake. Mbio moja ya Formula 1 ina urefu wa kilometa 305 hivi na mara nyingi inachukua saa moja na nusu. Kuitazama yote kwa picha safi kunaweza kula gigabaiti 3 au zaidi. Kwa kijana anayenunua mega za siku, hiyo ni pesa ambayo angekula nayo. Mtandao ukidhoofika katikati ya mbio, anabaki na picha iliyoganda na mega zilizokwisha.

Umeme, benki na simu

Kuna pia hali ya mji wenyewe. Umeme wa Bukavu unatoka hasa kwenye mabwawa ya Ruzizi I, lililoanza 1958 lenye megawati kama 30, na Ruzizi II, la mwaka 1989 lenye megawati kama 44, ambalo linagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi tangu wakati ule, lakini mashine hazikukua nao. Mitaa inapata umeme wa SNEL kwa zamu, na mshabiki anajua kwamba kulipa abonema hakumhakikishii kuona mbio.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Malipo mengi yakahamia kwenye simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Abonema ya dekoda inaweza kulipwa kwa njia hiyo. Huduma za kimataifa za intaneti kwa kawaida zinataka kadi ya benki, na hapo mtu wa Bukavu amefungiwa nje hata kama pesa anayo mfukoni.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kuhamia intaneti ni maendeleo, jibu linategemea mahali anapoishi. Kwa mtu wa Chicago, ni kubadilisha kitufe. Kwa mtu wa Bagira au Panzi, ni kuhitaji vitu vinne kwa wakati mmoja: simu nzuri, mega za kutosha, betri iliyojaa na kadi ya benki. Antena ilihitaji jirani mmoja tu aliyejitahidi.

Kampuni moja, lugha mbili

Muungano wa Canal+ na MultiChoice una sura mbili, na haki inataka zote zitajwe. Kundi hilo jipya linasema lina wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70 za Afrika, Ulaya na Asia. MultiChoice ilikuwa imedhoofika: katika mwaka uliokwisha Machi 2025 ilipoteza wateja zaidi ya milioni 1. Kampuni inayokufa haiwezi kununua haki za michezo, na bila mnunuzi hakuna picha. Kama Canal+ italeta nguvu, mashabiki wanaweza kupata faida.

Kongo ni moja ya nchi ambako majina hayo mawili yalikuwa yanauzwa bega kwa bega. Mtu wa Bukavu anayefahamu Kifaransa alielekea Canal+. Aliyesoma Uganda au aliyezoea Kiingereza alielekea DStv. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kupunguza bei au kuongeza chaneli ili asimpoteze mteja kwa mwingine. Sasa wana mwenye mali mmoja. Hakuna sheria inayosema bei itapanda, lakini sababu ile ya kushindana imepungua, na mteja asiyeridhika amebakiwa na njia chache za kugeukia.

Swali la lugha nalo liko wazi. Kampuni ikiwa na haki za Kifaransa na za Kiingereza katika nyumba moja, inaweza kumpa mteja wa Bukavu nafasi ya kuchagua sauti. Inaweza pia kuona kwamba sauti moja inatosha. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mabenchi yale ya Jumapili, kinategemea bado mtu mmoja anayeelewa Kifaransa au Kiingereza na anayewatafsiria wengine kwa sauti kubwa.

Kinshasa ilisema kuhusu Kigali

Formula 1 imewahi kuingia katika siasa za eneo hili. Desemba 13, 2024, mjini Kigali, wakati wa mkutano wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano. Afrika haijapokea Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Februari 2025, vita vikiendelea katika Kivu, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo Thérèse Kayikwamba Wagner aliwaandikia viongozi wa Formula 1 akiwataka waache mazungumzo hayo.

Barua hiyo inaonyesha kwamba serikali inaweza kuzungumza na wenye mchezo pale inapoona kuna jambo kubwa. Juu ya nani anaonyesha michezo, kwa bei gani na kwa lugha gani, viongozi wa Kongo wamekuwa na maneno machache zaidi. Katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Afrika Kusini, sheria inataja michezo ambayo ni lazima ionekane bila kulipia. Hata huko Uingereza, Formula 1 haimo katika orodha, na ndiyo maana Sky iliweza kuichukua yote. Orodha za namna hiyo kwa kawaida hulinda timu ya taifa na mashindano makubwa ya mpira kwanza.

Kwa Kongo, mjadala huo hauhusu magari peke yake. Njia iliyofuatwa na Formula 1 huko Marekani inaweza kufuatwa kesho na ligi za mpira ambazo mji mzima unazitazama. Liberty Media, kampuni ya Marekani yenye Formula 1 tangu 2017, ilichukua pia mbio za pikipiki za MotoGP katikati ya 2025. Muuzaji ni mmoja kwa michezo miwili, na wanunuzi wapya ni makampuni ya intaneti yenye pesa kuliko televisheni yoyote ya Afrika.

Msimu huu, mshabiki wa Bukavu bado anaweza kutegemea antena. Mikataba ya Afrika itakapokwisha na kujadiliwa upya, ndipo itaonekana kama wenye mchezo wanahesabu mabenchi au dekoda tu. Kwa sasa, anayetaka kulipa abonema kwa ajili ya mbio afanye vema kuuliza butiki kabla ya kutoa pesa: chaneli yenye Formula 1 imo katika kifurushi hiki, kwa lugha gani, na kwa muda gani? Maswali hayo, wateja wengi wakiyauliza mara kwa mara, ni namna mojawapo ya kuingia katika hesabu.