Jina la Camembert si la Kunyang'anywa

Tangu mwaka 1983 sheria ya Ufaransa yalinda jina la jibini ya Camembert de Normandie. Leo sheria hiyo yataka maziwa mabichi, na ng'ombe wale malishoni si chini ya miezi 6 kwa mwaka. Wenye viwanda vikubwa walitamani jina bila ya taabu yake. Mwaka 2018 yakafanywa mapatano ya kukubali maziwa yaliyopashwa moto. Mwaka 2020 watengenezaji wakayakataa. Twawapongeza!

Wakubwa wadai wanawapa watu jibini rahisi. Vyema, na waiuze kwa jina jingine. Nani kawazuia? Chema chajiuza.

Tena iko hatari nyingine. Ngozi nyeupe ya jibini hii ni ukungu. Kwa kutaka weupe mtupu, watu walishika ukungu wa mbegu moja tu, na mwaka 2024 wataalamu wa Ufaransa walionya kwamba nguvu yake ya kuzaa imepungua mno. Ndiyo malipo ya kutupa aina nyingi kwa ajili ya moja!

Twasema wazi: mfugaji mdogo wa Normandie alindwe, na mbegu nyingi zirudishwe, hata ngozi ya jibini ikiwa ya kijivu.