Boma, Jiko, Sanaa: meza inashikwa siku 60 mbele

Karibu na Orlando, kule Marekani, hoteli moja ya Walt Disney World ina mikahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Mkongomani anayefika pale na watoto anaweza kudhani yuko kwao. Lakini jina la Kiswahili mlangoni halimpatii mtu meza.

Nafasi zinafunguliwa kwenye intaneti siku 60 mbele, asubuhi mapema, na kadi ya benki inaombwa. Aliyelipia chumba katika hoteli za Disney anashika kwa mara moja nafasi za siku zake zote, mpaka siku 10. Jamaa inayolala kwa ndugu mjini inapaswa kuamka kila asubuhi kutafuta meza ya siku moja. Mkahawa una haki ya kujua utapikia watu wangapi. Kupanga wageni kwa mfuko wao ni jambo lingine.

Wengi wananunua tiketi ya ndege, wakisema chakula watakiona huko. Huko wanaona foleni. Hata matembezi ya Keys to the Kingdom yanashikwa mbele, na mtoto wa chini ya miaka 16 hapokelewi.

Aliyechelewa aendelee kuchungulia simu: wengine wanaacha nafasi zao siku za mwisho.