Si kila "up" ni juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu maneno mawili ya Kiingereza, "bring up", ambayo yamemkosesha kazi kijana mmoja wa huku kwetu. Huenda wasomaji wengine wakaona jambo hili ni dogo. Mimi niliyefundisha Kiingereza katika shule za sekondari za Mbulu na Hanang hadi nikastaafu naona si dogo hata kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana huyo, mzaliwa wa Dongobesh aliyemaliza kidato cha nne, aliitwa mjini kwenye usaili wa kazi ya kutunza stoo. Akaulizwa kwa Kiingereza, "Where were you brought up?" Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba yeye hakuletwa juu, bali alizaliwa huko huko juu. Wasaili wakaangua kicheko. Mmoja wao akasema kwamba mtu asiyejua alikolelewa hawezi kujua mzigo ulikowekwa. Kazi hakupata. Aliporudi alikuja kwangu, akaniamkia, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, nilikosea wapi? Kwani Mbulu haiko juu?"

Ndugu Mhariri, mtu anayeijua barabara ya kutoka Dareda kwenda Dongobesh hawezi kumcheka kijana huyu. Gari likitoka Dareda linaukwea ukingo wa Bonde la Ufa, na abiria wote husema wanapanda Mbulu. Wakirudi husema wanashuka Babati. Kijana alijua kwamba "bring" ni leta, na "up" ni juu. Akajumlisha moja na moja, akapata mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba Kiingereza, katika vitenzi vya namna hii, hakifuati hesabu hiyo.

Kwa faida ya vijana wengine wanaojiandaa kwa usaili na mitihani, naomba nieleze. Maana ya kwanza ya "bring up" ni kulea mtoto hadi akue. Aliyeulizwa "Where were you brought up?" ameulizwa alikolelewa, awe amelelewa mlimani au bondeni. Maana ya pili ni kuleta jambo lizungumzwe. Mjumbe akisimama katika mkutano wa kijiji akauliza habari za bomba la maji, Mwingereza atasema kwamba mjumbe huyo "brought up" suala la maji. Maana ya tatu ni kutapika au kucheua, kama mtoto mchanga anavyorudisha maziwa aliyonyonya. Maana ya nne ni kufikishwa mbele ya hakimu. Siku hizi imeongezeka nyingine, kwamba mtu wa kompyuta akiagizwa "bring up" faili fulani, anatakiwa alifungue lionekane kwenye skrini. Na maana ile ya kijana wetu, ya kuleta kitu juu, nayo ipo. Ndiyo maana nasema hakuwa mjinga.

Iko na kanuni moja inayowaangusha wengi. Jina la kitu laweza kukaa baada ya maneno hayo mawili au katikati yake. Lakini kiwakilishi, kama "him" au "it", lazima kikae katikati. Husemwa "she brought him up", wala haisemwi "she brought up him". Tena wanafunzi wetu hupenda kuandika "I was grown up by my uncle", wakifuata Kiswahili cha "nilikuzwa na mjomba". Hilo ni kosa. "Grow up" ni kukua mwenyewe, na anayekuza mtoto ndiye "brings up". Nomino yake ni "upbringing", yaani malezi. Anayetafuta maneno haya katika kamusi ayatafute chini ya "bring", asiyatafute chini ya "up".

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ni lugha ya ajabu. La hasha! Kiswahili chetu nacho kina mambo yake. Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga magoti na hupiga kura, wala hakuna aliyeumizwa. Mgeni akijifunza Kiswahili kwa kujumlisha neno kwa neno, atadhani Watanzania ni watu wa ugomvi mtupu. Vile vile, mkulima wa Hanang hulima ngano, hufuga ng'ombe na hulea mtoto. Akisema anafuga mtoto, jirani watadhani anatukana. Waingereza nao, ingawa Wamarekani huchanganya zaidi, huwa na neno lake kwa mazao, lake kwa mifugo na lake kwa mtoto. Basi ugumu uko katika kila lugha, na kila mgeni huukuta.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Watoto wa wilaya hizi mbili hawaanzii mahali pamoja na mtoto wa mjini. Huku wako Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wako Wabarabaig na Wadatoga wengine, ambao lugha yao ni ya Kinailoti. Wako Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadza, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu anayejulikana. Mtoto wa namna hiyo akiingia darasa la kwanza, Kiswahili ni lugha yake ya pili. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu, ambayo nyumbani hakuna wa kumsemesha. Huko kwenye vitabu vya biolojia na kemia hukutana na "carry out", "give off", "break down" na "take in". Nimewahi kuwaambia wanafunzi "carry out the experiment", wawili wakainua vyombo wakatoka navyo nje. Hawakuwa watundu, walikuwa watiifu. Mtoto wa mfugaji aliyekwisha kuona matumbo ya ng'ombe tangu utotoni hushindwa swali la mmeng'enyo wa chakula kwa sababu tu ya "break down". Hapo tumepima biolojia yake, au tumepima nini?

Jambo hili si geni. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ikiwa mwananchi anaweza kuhukumiwa kwa Kiswahili, sioni kwa nini mtunza stoo asiweze kuulizwa kwa Kiswahili amelelewa wapi.

Nisieleweke vibaya. Sikipigi vita Kiingereza, kwani ndicho kilichonilisha mimi na watoto wangu. Hayati Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, akatuonyesha kwamba mtu anaweza kuzipenda lugha zote mbili. Ninachosema ni kwamba lugha ifundishwe vizuri, isigeuzwe mtego wa kuwanasa watoto wa wakulima na wafugaji.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, walimu wenzangu wasiwape wanafunzi orodha ndefu za vitenzi hivi wazikariri. Kila kimoja kifundishwe ndani ya sentensi na ndani ya kisa, na mwalimu asione haya kukieleza kwa Kiswahili. Dakika moja ya Kiswahili huokoa kipindi kizima. Pili, watungaji wa maswali ya sayansi watumie maneno mepesi pale inapowezekana, maana wanachokitafuta ni sayansi. Tatu, waajiri waulize kwa Kiingereza pale kazi yenyewe inapohitaji Kiingereza. Stoo ambayo madereva, wapakiaji na wateja wake wote wanasema Kiswahili, Kiingereza cha usaili kinapima nini zaidi ya kiburi cha msaili?

Kwa wale waliocheka nina neno moja. Kijana huyo alifiwa na baba akiwa mdogo. Alilelewa na bibi yake, mama wa Kiiraqw ambaye hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha kuunga unga, lakini aliuza mahindi na kuku mpaka mjukuu akamaliza kidato cha nne. Lingeulizwa swali lile kwa lugha anayoielewa, angewaeleza habari za bibi huyo, na wangejua kama ni mtu wa kukabidhiwa funguo za stoo. Walikuwa na swali zuri mkononi, wakalipoteza kwa kicheko.

Ndimi,
Mwalimu Mstaafu,
Katesh, Hanang.