HAKUNA HOMA YA HALI YA HEWA



Sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa Victoria tunazijua siku za masika. Kati ya mwezi Machi na Mei hewa haitulii. Leo jua ni kali tangu asubuhi, watu wanaanika mihogo na dagaa. Usiku ngurumo zinatoka ziwani, upepo unatikisa mabati, mvua inanyesha mpaka alfajiri. Kesho yake ni baridi na mawingu, watoto wanaota moto jikoni. Kesho kutwa jua linawaka tena. Hali hii huweza kuendelea siku nne, tano, hata juma zima.

Siku kama hizo mtoto akichemka mwili, utasikia maneno yale yale katika nyumba nyingi: "Msihangaike. Ni hali ya hewa tu. Hewa ikitulia, naye atapona."

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Napenda kusema wazi kwamba maneno hayo ni ya hatari. Hakuna homa ya hali ya hewa. Mawingu hayana malaria. Ngurumo haina kichomi. Homa ya mtoto ina sababu yake, na sababu hiyo haingoji jua lirudi.

KWA NINI HEWA YA ZIWANI HAITULII?

Hewa kubadilika si mkosi wala si jambo la ajabu. Ziwa letu ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Maji mengi namna hiyo yana nguvu juu ya hewa.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na uvuguvugu. Upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za pande zote hukutana juu ya maji. Hewa yenye unyevu hupanda juu, hugeuka mawingu, na ngurumo huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri. Ndugu wavuvi wanalijua jambo hili kuliko mimi.

Basi mvua tumejua inakotoka. Sasa tuulize: homa ya mtoto inatoka wapi?

TUHESABU SIKU

Wewe umekwisha kujua kusoma na kuhesabu. Chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu ndogo.

Mvua ya leo inaacha madimbwi. Maji yanasimama katika nyayo za ng'ombe, katika mashimo ya matofali na katika majaruba ya mpunga. Mbu wa malaria hutaga mayai humo. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni karibu siku 10. Andika 10.

Mbu huyo mpya hana malaria. Hazaliwi nayo. Kwanza lazima amwume mtu mwenye vijidudu vya malaria katika damu. Vijidudu hivyo hukua ndani ya mbu karibu siku 10 au zaidi kabla mbu hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Andika 10 nyingine.

Sasa mbu anamwuma mtoto wako. Homa haianzi usiku ule. Huanza baada ya siku 7 au zaidi, na mara nyingi ni kati ya siku 10 na 15. Andika 10 ya tatu.

Jumlisha. Utapata siku 30, yaani karibu mwezi mmoja.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kama mtoto ana malaria leo, hakuipata kwa mvua ya jana. Aliumwa na mbu siku nyingi zilizopita, pengine wakati jua lilikuwa likiwaka. Kungoja mawingu yaondoke hakumsaidii kitu. Mawingu yataondoka, lakini vijidudu vitabaki katika damu na kuzaana.

Pili, mvua ya leo inatupa taarifa mapema. Inatuambia kwamba mwezi ujao mbu watakuwa wengi na malaria itaongezeka. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mtu mwenye akili akiona mawingu huanua dagaa wake. Nasi tukiona madimbwi, tutazame vyandarua vyetu usiku ule ule.

SI SISI PEKE YETU

Msomaji asidhani kwamba ni watu wa vijijini kwetu tu waliolaumu hewa. Jina lenyewe "malaria" limetoka kwa Waitaliano, na maana yake ni "hewa mbaya". Kwa miaka mingi watu wa Ulaya waliamini kwamba hewa ya mabwawa ndiyo inayoleta homa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba vijidudu hivyo hukua ndani ya mbu. Tangu hapo hewa imeachiliwa, mbu ndiye mshitakiwa. Sisi leo hatuna sababu ya kurudi nyuma na kuishitaki hewa tena.

KUNGOJA KUNAUA

Mara nyingi mama hufika zahanati mtoto amelegea. Namwuliza, "Mama, homa ilianza lini?" Hunijibu, "Leo siku ya nne, mganga. Tulidhani ni hizi baridi." Mama huyo si mzembe. Anampenda mwanawe kuliko mtu yeyote. Ila neno moja, "hali ya hewa", limemla siku tatu.

Malaria ya mtoto mdogo inaweza kuwa kali na kuua katika muda wa saa 24 tangu dalili kuanza. Kwa hiyo sheria ni moja: homa ikianza leo, mtoto apimwe leo. Tone moja la damu ya kidoleni linatosha, na jibu hupatikana baada ya dakika 15 hadi 20. Kama ni malaria, atapewa dawa mseto. Ampe zote kama alivyoelezwa, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Ukiona mtoto ana degedege, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, usimalize hata kupika. Ondoka naye.

Wapo watakaonipinga. Watasema, "Mbona siku za baridi watoto hukohoa?" Ni swali zuri. Siku za mvua tunafunga milango na madirisha. Watu wengi wanalala chumba kimoja, na moshi wa jiko umejaa ndani. Vijidudu vya kikohozi hupita upesi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na moshi huumiza mapafu ya watoto. Baridi peke yake haizai kichomi. Mfunike mtoto vizuri, lakini pia fungua dirisha na umweke mbali na moshi.

Kama anakohoa, mtazame kifua akiwa ametulia. Hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 11 ni mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka 5 ni mara 40 au zaidi. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hiyo pia ni hatari. Mpeleke zahanati.

Kuhara nako si kwa baridi. Mvua husomba kinyesi kutoka vichakani na kukiingiza visimani na ziwani. Siku hizo maji ya kunywa yachemshwe bila kukosa, na kila nyumba itumie choo.

TATIZO LA NJIA

Jambo jingine ni la kweli, wala silifichi. Siku zenye hewa mbaya ndizo siku ambazo njia huharibika. Mto umejaa, tope limezuia baiskeli na pikipiki, ziwa lina mawimbi. Mama atafanya nini?

Maoni yangu ni kwamba jambo hili si la mama peke yake. Ni la kijiji. Kabla ya masika serikali ya kijiji ikae na kuamua: nani ana pikipiki, nani ana mtumbwi imara, nani atapigiwa simu mto ukijaa, na nauli ya mgonjwa asiye na fedha itatoka wapi. Tunachangia misiba bila kusukumwa. Tukichangia nauli ya mgonjwa mapema, misiba itapungua.

Kwa walio visiwani na kwenye mialo, kumbukeni saa za dhoruba. Homa ikianza asubuhi, anza safari mchana huo huo ziwa likiwa limetulia. Usingoje hali iwe mbaya usiku, ukalazimika kuchagua kati ya ugonjwa na mawimbi. Usikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha.

Nasi waganga tuna wajibu wetu. Mama akija amelowa mvua, tusimkaripie kwa kuchelewa. Tena mganga naye asiseme "ni hali ya hewa" kabla hajapima. Kipimo kikionyesha si malaria, kazi haijaisha. Atafute sababu nyingine, au ampeleke mgonjwa kituo kikubwa.

KAZI YA JIONI HII

Leo kabla ya kulala, fanya mambo matatu. Moja, tazama chandarua, ushone palipotoboka, na umlaze mtoto na mama mjamzito ndani yake. Chandarua si cha kuvulia dagaa wala kufugia kuku. Mbili, kesho asubuhi fukia dimbwi lililo karibu na nyumba. Tatu, kubalianeni nyumbani, baba na mama, kwamba mtoto akipata homa hakuna mtu atakayesema tungoje.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani yako ambaye bado hajajua kusoma. Mvua inaweza kunyesha usiku huu, na yeye pia ana watoto.