Desabre abaki, na watoto wa Rutshuru waandikishwe

Bao la Adil Boulbina lilikuja dakika ya 119. Algeria 1, Kongo 0, Rabat, tarehe 6 Januari 2026. Kombe la Afrika likaishia hapo kwa upande wetu, katika hatua ya timu 16. Tangu usiku ule, ukikaa na mashabiki Goma, Kiwanja au Rutshuru, hukosi kusikia hukumu: kocha aende, wakongwe wapumzishwe, wale waliokulia Ulaya warudi walikotoka, timu ivunjwe tuanze upya.

Sisi tunasema hapana. Timu hii ilishavunjwa, ilishaanza upya, na mafundi bado wako juu ya ngazi. Kuivunja sasa ni kutupa miaka mitatu na nusu ya kazi kwa sababu ya dakika moja.

Tukumbushane ilikotoka. Kombe la Afrika lililochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2022 tulilitazama kwenye televisheni kama wageni, kwa sababu hatukufuzu. Machi mwaka huohuo Morocco ikatufungia njia ya Kombe la Dunia: sare ya 1-1 Kinshasa, kisha 4-1 Casablanca. Ikafika Juni, tukafungwa na Gabon nyumbani na Sudan ugenini ndani ya siku chache, mechi mbili bila pointi, na kocha Héctor Cúper akaondoka. Agosti akaja Sébastien Desabre, Mfaransa ambaye wengi wetu tulimkumbuka kwa ubaya: ndiye aliyekuwa kwenye benchi la Uganda ilipotupiga 2-0 kule Misri mwaka 2019.

Kundi lilelile la kufuzu Kombe la Afrika, tuliloanza na pointi sifuri, tulilimaliza tukiwa wa kwanza. Gabon tukaifuata kwao Franceville tukaifunga 2-0. Mwanzoni mwa 2024, kwenye Kombe lenyewe nchini Cote d'Ivoire, timu ikatoka sare mechi zake tatu za makundi, na watu wakaanza tena kunung'unika. Kisha ikaitoa Misri kwa penati 8-7, ile ya mwisho ikipigwa na kipa Lionel Mpasi mwenyewe. Guinea ikala 3-1. Tukaishia nafasi ya nne, baada ya kufungwa 1-0 na wenyeji katika nusu fainali na kupoteza kwa penati mbele ya Afrika Kusini.

Hapa Rutshuru nusu fainali ile haikumbukwi kwa bao la Sébastien Haller. Inakumbukwa kwa wimbo wa taifa. Wachezaji walisimama, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bastola. Walikuwa wanazungumza juu ya mashariki, juu ya watu wanaouawa huku dunia imenyamaza. Rutshuru na Kiwanja vilikuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Oktoba 2022, na maelfu ya watu wetu walikuwa wanalala chini ya maturubai kandokando ya Goma. Vijana wengi katika safu ile hawajawahi kukanyaga barabara ya Rumangabo. Hata hivyo walitutaja mbele ya Afrika nzima, bila kusema neno. Shabiki anayetaka "wale wa Ulaya" wafukuzwe na afikirie picha hiyo kwanza.

Tarehe 9 Septemba 2025 tulipata sababu nzuri zaidi ya kukasirika kuliko hii ya Algeria. Stade des Martyrs ya Kinshasa imejaa, Senegal iko nyuma 2-0 kwa mabao ya Cédric Bakambu na Yoane Wissa, tiketi ya Kombe la Dunia inanukia karibu. Mechi ikaisha 3-2 kwa Senegal. Siku ile ingekuwa halali kabisa kulia na kutukana. Lakini shirikisho halikumfukuza kocha, na Novemba, katika mchujo wa Kombe la Dunia kwenye mji uleule wa Rabat, Chancel Mbemba akaifunga Cameroon katika dakika za nyongeza, 1-0. Siku tatu baadaye Nigeria ikatangulia kwa bao la dakika ya tatu, Meschak Elia akasawazisha, na mechi ikaenda hadi penati. Hapo Desabre akafanya jambo ambalo kocha mwenye hofu ya kazi yake hafanyi: muda wa nyongeza ukielekea kwisha, akamtoa Mpasi, shujaa wa 2024, akamwingiza kipa Timothy Fayulu. Fayulu akazuia, Mbemba akafunga ya mwisho, 4-3. Kama tungesikilizwa sisi mashabiki mwezi Septemba, Novemba ingetukuta na kocha mpya anayejifunza majina.

Mkulima wa kahawa wa huku kwetu hang'oi mche mwaka wa pili kwa sababu haujazaa. Anajua hesabu ya mmea wake. Sisi mashabiki hesabu hiyo hutushinda, nasi tuna mfano wa kuchekesha mbele ya macho yetu. Shabiki Michel Kuka Mboladinga, yule wanayemwita Lumumba, alisimama mechi nzima nchini Morocco mkono juu, bila kutikisika, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Afrika yote ilimshangilia. Sisi tuliomshangilia ndio haohao ambao kijana wa miaka 21 akipoteza mpira mara moja tunadai atolewe kabla ya mapumziko.

Hii si kusema kwamba kila kitu kiko sawa. Tunaiita timu changa, lakini ukiangalia migongo iliyobeba mzigo nchini Morocco, Bakambu alikuwa na miaka 34, Gaël Kakuta 34, Mbemba 31. Wissa aliumia katika mechi ile ya Senegal ya Septemba na hakuwepo. Bongonda alitupatia bao dhidi ya Benin, Kakuta akafunga mawili dhidi ya Botswana, Bakambu akafunga dhidi ya Senegal, na hayo yote ni mazuri. Ila ukweli ni kwamba kizazi kimoja kinakaribia kushuka ngazi huku kingine kikiwa bado kinapanda. Noah Sadiki na Ngal'ayel Mukau, wote wa mwaka 2004, wasiwe wachezaji wa kusubiri mzee achoke. Wapewe kiungo kizima, wakosee, walaumiwe kwa haki, wabaki. Hilo ndilo tunalomdai Desabre, na ni deni kubwa kuliko lile la dakika ya 119.

Machi 2026 timu inakwenda Mexico kucheza na mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Ikishinda mchezo huo, inaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974, wakati ule tukiitwa Zaire, tulipofungwa mabao 14 katika mechi tatu bila kufunga hata moja. Kubadilisha kocha miezi miwili kabla ya mechi kama hiyo ni wazimu, na hatuna zaidi la kusema juu ya hilo.

Tuna mengi ya kusema juu ya jambo jingine, ambalo halizungumzwi hata timu inaposhinda. Kikosi hiki kimejengwa upya, ndiyo, lakini matofali mengi yamechomwa kwenye tanuri za wengine. Sadiki alizaliwa Brussels, Mukau Mechelen, Aaron Wan-Bissaka London, Wissa Ufaransa. Ni wana wa Kongo, na jezi ni yao kama ilivyo yetu. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, jirani zetu wa Ituri, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Swali letu ni moja: angebaki Bunia, nani angemwona?

Jibu tulilipata Agosti 2025, Nairobi. Michuano ya CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu, na zamani ilikuwa uwanja wetu wa kujidai. Tuliichukua ilipoanza, mwaka 2009, na tukaichukua tena mwaka 2016 pale Kigali, Florent Ibenge akiwa kocha na Mali ikilala 3-0. Safari hii tulifungwa 1-0 na Kenya katika mechi ya kwanza, tukazifunga Zambia na Angola, Morocco ikatumaliza 3-1, tukarudi nyumbani kutoka makundi. Timu ya ugenini inapanda, ya nyumbani inashuka.

Sababu si siri. Msimu wa ligi kuu, Linafoot, wa 2022-2023 ulifutwa katikati kwa kukosa pesa. Ligi ya nchi hii husafiri kwa ndege, maana kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 na barabara ya kupita hakuna. Tena uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika vita vya Januari 2025, benki nazo zikafungwa, na klabu kama DC Virunga au AS Dauphins Noirs haziwezi kupanga msimu kama klabu ya Lubumbashi. Tarehe 6 Februari 2025 Stade de l'Unité ya Goma ilijaa watu, lakini haikuwa mechi. Ulikuwa mkutano wa hadhara wa M23. Uwanja ni uwanja, tunaomba urudi kwenye kazi yake, na tunawaomba wakubwa wa pande zote hilo bila kuzunguka.

Lakini kuna kazi isiyohitaji ndege wala mkutano wa amani. Inahitaji karatasi.

Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Miaka minne ya kwanza, kila mwaka ni robo ya asilimia moja. Inayofuata, kila mwaka ni nusu. Chukua mtoto aliyecheza Kiwanja toka miaka 12 hadi 15. Siku akiuzwa kwa dola milioni 1, klabu yake ya Kiwanja ina haki ya dola 10,000. Akiuzwa tena, inalipwa tena. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayopitisha malipo hayo, ili klabu kubwa isikae juu ya pesa ya klabu ndogo.

Dola 10,000 huku kwetu ni mipira, viatu, nyavu, na posho ya kocha kwa miaka. Hakuna anayetupa pesa hizo kama msaada, ni haki yetu kwa kazi tuliyofanya. Lakini ofisi ile haisomi daftari la kocha lenye majina ya utani na tarehe za kuzaliwa za kukisia. Inasoma usajili ulioingizwa kwenye mfumo wa shirikisho, msimu kwa msimu. Mtoto asipoandikwa akiwa na miaka 12, miaka ile imepotea. Atakapoonekana Goma akiwa na miaka 17, au akivuka kwenda Uganda au Rwanda kutafuta timu, maisha yake ya mpira yataonekana kuanzia hapo, na Rutshuru haitakuwa imemlea mtu.

Tunawataka LIFNOKI, kama ligi ya jimbo, walifanye hili kuwa jambo la kwanza la mwaka 2026. Watume mtu mwenye simu na kitabu Rugari, Rumangabo, Rutshuru, Kiwanja. Achukue jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa yenye ushahidi, jina la klabu na picha. FECOFA, shirikisho la taifa, wayapokee majina hayo na kuyaingiza bila kuwatoza watoto, na wasijifiche nyuma ya hali ya usalama, kwani picha na majina husafiri kwa simu hata pale ndege isipotua. Nao wanaotawala barabara ya kufika huko leo wasimzuie mtu huyo njiani wala kumgeuza kuwa suala la siasa. Kadi ya mchezaji wa miaka 12 haina chama.

Wazazi nao tuwaambie ukweli usiopendeza. Kupunguza umri wa mtoto ili acheze na wadogo kunampa kombe la mtaa na kumnyima kazi. Vipimo vya mifupa vipo, na kijana anayekamatwa na miaka ya uongo hufungiwa pamoja na klabu yake.

Makocha wa timu za mtaani, ambao wengi hawalipwi hata franga, wanaweza kuanza kabla LIFNOKI haijajibu. Daftari moja kwa kila msimu, lisichanwe, lipigwe picha kila ukurasa na picha zihifadhiwe kwa watu wawili tofauti, maana tunajua jinsi vitu vinavyopotea watu wanapokimbia usiku. Msimu wa 2026 uwe wa kwanza kwenye daftari hilo. Waliozaliwa mwaka 2014 wanatimiza miaka 12 mwaka huo, waanze na hao.