Mantiki Si Anasa ya Watoto wa Wakubwa



Katika mkutano wetu wa mwisho mwenzetu mmoja alisimama kulalamika. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kila jioni anakariri filosofia. "Mimi natoa jasho nipate kumlipia karo," alisema, "naye anasoma kwamba Sokrate atakufa. Sokrate si alikwisha kufa zamani?" Ukumbi mzima ulicheka, na sisi viongozi tulicheka pia. Baadaye tuliomba daftari la binti huyo, tukakaa naye jioni mbili atueleze. Leo tunasema bila kuficha: mwenzetu amekosea, na sisi tuliocheka tulikosea pamoja naye.

Wengi wetu katika uongozi wa sendika tuliishia shule ya msingi. Tulichokiona katika daftari lile ni chombo cha kazi ambacho hatukupewa.

Daftari linasema kuna njia mbili za kufikiri kwa utaratibu. Ya kwanza huitwa deduksio. Inaanza kwenye kanuni inayowahusu wote, inashuka hadi kwa mmoja. Watu wote hufa. Sokrate ni mtu. Basi Sokrate atakufa. Aliyeipanga njia hii ni Aristotle, Mgiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo. Ukikubali maneno mawili ya kwanza, huna njia ya kulikataa la tatu.

Je, hilo halituhusu? Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema muda wa kawaida wa kazi usipite saa 45 kwa juma. Zinazozidi ni saa za ziada, na zina malipo ya nyongeza. Wapakiaji wa kampuni moja ya hapa kwetu walikuwa wakifanya saa 54. Mara ya kwanza tulipokwenda kwa mwajiri tulilia juu ya njaa ya watoto wetu. Alitusikiliza kwa upole, akasema hata yeye ana watoto. Tukatoka mikono mitupu.

Mara ya pili tuliweka mezani maneno matatu tu. Saa zinazopita 45 ni za ziada. Watu hawa wanafanya 54. Basi kila juma wanadai saa 9. Sheria hakuweza kuikataa, kwa hiyo akakataa hesabu: "Nani amezihesabu hizo saa?" Hapo tukaona pengo letu. Hatukuwa na daftari la saa. Tangu siku ile wapakiaji wanaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Miezi iliyoandikwa ililipwa. Ile ya nyuma imepotea mpaka leo. Laiti tungalijua mapema kwamba anayekataa neno la mwisho lazima avunje mojawapo la yale mawili ya kwanza, tungalijiandaa.

Njia ya pili ni induksio. Hii inatoka chini: unatazama jambo moja, la pili, la kumi, kisha unatafuta kanuni. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawashauri madaktari wamuulize mgonjwa pia anafanya kazi gani. Mwaka 1775, huko London, Percivall Pott alionyesha kwamba wasafisha dohani walipatwa na kansa ya korodani kwa sababu ya masizi. Na kwetu? Mmoja anakohoa, anasema ni baridi. Wa pili anasema amerogwa. Wa tatu anarudi kijijini kimya. Wote watatu walikuwa wakipasua mawe katika vumbi lile lile, na hakuna aliyewahesabu pamoja.

Lakini induksio haina uhakika kama deduksio, na daftari linaonya hivyo. Mwingereza Bertrand Russell, katika kitabu cha mwaka 1912, alitoa mfano wa kuku: mtu amemlisha kila siku, na mwisho mtu yule yule anamnyonga shingo. Mfanyakazi anayesema "patroni amenilipa kila mwezi, mkataba wa maandishi wa nini?" amkumbuke kuku huyo.

Kuna kosa baya zaidi. Mtu mmoja wa kabila fulani ameiba misumari, na kesho yake tunasikia kwamba kabila lile lote ni wezi. Mmoja hawezi kuwa ushahidi wa maelfu! Maneno kama hayo yamevunja migomo yetu na kugawanya vyama vyetu, na mwajiri hakutumia hata senti moja. Kijana aliyefundishwa vizuri angesimama na kuuliza: umewaona wangapi?

Ndiyo maana tunasikitika kuona somo hili likikaririwa kwa ajili ya mtihani tu, kisha likasahauliwa. Walimu, nanyi ni wafanyakazi kama sisi: mwacheni Sokrate apumzike kidogo, leteni darasani karatasi ya mshahara, mkataba, na daftari la ajali. Wanafunzi wa sehemu za ufundi wasinyimwe somo hili, maana hao ndio watakaosimama mbele ya mashine kesho. Na sisi viongozi tusione haya kufundishwa na watoto wetu.

Mwenzetu aliyelalamika tunamwomba jambo moja. Jioni hii amwite binti yake, waweke mezani karatasi ya mshahara wa mwezi uliopita, wasome mstari kwa mstari: sheria inasema nini, saa zilikuwa ngapi, basi malipo yalipaswa kuwa kiasi gani. Wakikuta kosa, watuletee ofisini. Tutakwenda nao wote wawili.